Ratili Moja na Nusu

Ukitaka kujua gundi ya ndege inanukaje, chukua maziwa yaliyokatika, yaache siku tatu kwenye karai juani, kisha zamisha mkono mpaka kiwiko. Gichovi alifanya hivyo kwa wiki tano. Alinawa kwa sabuni ya kipande, kwa majivu, hata kwa mchanga wa mto, na bado kila tonge la ugali lilipofika mdomoni lilikuwa na ile harufu. Wenzake wa kiwanda cha mbao walihamisha kitanda chake mpaka karibu na mlango wa bweni, na wala hawakujisumbua kutafuta kisingizio.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na tano, na Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ilikuwa imekolea Embu nzima. Watu walikuwa wameng'olewa mashambani mwao, nyumba zao zikachomwa, wakasongamanishwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kutoka ni kwa pasi, kuingia ni kwa pasi, na mihogo ilioza ardhini huku wenyewe wakiiangalia kwa mbali. Maili mbili juu ya kijiji kimoja cha namna hiyo, pale msitu wa Mlima Kenya unapoanzia, kulikuwa na kiwanda cha mbao cha Mzungu aitwaye Harding. Na wakati nchi ikiungua mbele ya mlango wake, Harding alikuwa anajitengenezea ndege ya mashindano.

Haikuwa ndege ya kubeba mtu na mzigo wake. Kilikuwa kijindege cha mtu mmoja, kifupi, chembamba, cha kuzunguka nguzo uwanjani Nairobi pamoja na vingine vya aina yake, ili waone nani wa kwanza. Kanuni za mashindano zilimruhusu kila mtu injini ndogo ya aina moja, kwa hiyo aliyetaka kushinda hakuwa na pa kuongezea nguvu. Alichoweza ni kupunguza: kupunguza upana wa kiwiliwili, kupunguza unene wa bawa, na zaidi ya yote kupunguza uzito. Harding alikuwa mgonjwa wa uzito. Alitoboa matundu kwenye pedali za miguu. Alikata mgongo wa kiti. Alianza hata kujipunguza yeye mwenyewe. Mpishi alisimulia kwamba asubuhi Bwana anakula yai moja tu, nyama anamtupia mbwa. Gichovi aliposikia hivyo alitema mate. Mtu ana nyama mezani, na anakaa na njaa kwa ajili ya mchezo.

Fundi wa ndege hiyo alikuwa Gichovi. Wakati wa vita vya Hitler alichukuliwa akapelekwa Nairobi kwenye karakana ya kukarabati mabawa ya mbao, na huko alijifunza boriti ya bawa ni nini, mbavu zake ni nini, na kwa nini kiungo kikikosewa kwa unene wa ukucha rubani hurudishwa kwenye gunia. Lakini elimu iliyo kubwa zaidi aliipata kwa baba yake kule Mbeere, aliyekuwa akichonga mizinga ya nyuki. Harding alikuwa na michoro ya kutoka ng'ambo iliyotaka boriti ikatwe kwa msumeno. Gichovi alimwambia hapana. Msumeno hukata nyuzi za mti ovyo ovyo, na ili mbao ya namna hiyo iwe imara ni lazima uiache nene. Baba yake hakuwahi kupitisha msumeno kwenye gogo la mzinga. Alilipasua kwa kabari, akaliacha gogo lenyewe liamue litafungukia wapi. Gichovi akalipasua gogo la podo vivyo hivyo, akalipiga randa, na boriti ikatoka nyembamba kuliko ya mchoro. Harding alipanda juu yake akaruka mara tatu. Haikulia hata kidogo. Wiki iliyofuata Mzungu huyo aliwaandikia rafiki zake wa Nairobi kuwaeleza namna yeye alivyogundua njia mpya ya kupasua boriti, na karani aliyeipiga barua hiyo chapa ndiye aliyemnong'oneza Gichovi.

Haya yote Gichovi aliyameza kwa sababu ya ahadi moja. Mke wake, Kagure, na mtoto wao wa miezi kumi walikuwa kule chini, ndani ya handaki. Mtoto alipewa jina la mama yake Gichovi, Wambeti, kama desturi inavyotaka, na ndiyo sababu kila alipompakata alimsemesha kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkubwa wake. Na Wambeti alikuwa anakonda. Harding alisema siku ndege itakapopaa atamwandikia ofisa wa wilaya barua, Kagure na mtoto waruhusiwe kuhamia kiwandani, kwenye nyumba yenye shamba la mboga nyuma yake. Gichovi aliyashika maneno hayo, akafunga mdomo, akafanya kazi.

Sasa kuna habari ya mizani. Mizani ya dukani haikumtosha Harding. Alitaka ya kuonyesha wakia, na ya namna hiyo ilikuwa moja tu pande zile, nayo ilikuwa ya zahanati ya kijiji, ya kupimia watoto wachanga. Akatuma gari likaichukua. Hakuna aliyeuliza neno. Ilikuwa na sahani pana ya shaba ya kumlaza mtoto, na kwa kuwa ubavu wa bawa haukukaa vizuri juu yake, Gichovi aliamriwa aiondoe, atie trei ndefu ya mbao. Trei ilikuwa nyepesi kuliko sahani kwa ratili moja na nusu, kwa hiyo mshale ukashuka chini ya sufuri. Gichovi akauinua kwa skurubu ndogo iliyo nyuma, mpaka ukasimama kwenye sufuri sawasawa. Kwa wiki mbili walipima mbavu za bawa moja moja pale pale walipokuwa wakilazwa watoto, na kila ubavu uliopungua nusu wakia Harding aliupigia makofi.

Kisha zahanati ikaomba mizani yake, kwani siku ya kupima ilikuwa inakaribia. Dereva alikuja kuichukua asubuhi moja, gundi ikiwa imeshachanganywa kwenye bakuli. Ilikuwa gundi ya mwisho ya bati la ng'ambo, na gundi ikishachanganywa haimngoji mtu. Gichovi alichomoa trei, akarudisha sahani ya shaba, akajiambia kwamba ile skurubu ataishughulikia akishafunga kiungo. Akarudi kwenye kiungo. Alipoinua kichwa gari lilikuwa limekwenda zake, na mambo ya skurubu yakamtoka kabisa.

Mwezi mmoja baadaye lori lilishusha magunia manne ya maziwa ya unga, yale yaliyotolewa mafuta. Harding alikuwa anasugua viganja kwa furaha. Ofisa wa kijiji, rafiki yake wa kunywa naye, alikuwa amempa bure. Alisema ni ziada. Gundi ya bati ilikuwa imekwisha, na kuagiza nyingine ni miezi mitatu kwa meli, lakini Gichovi alikuwa amejifunza kwenye karakana ya wakati wa vita namna ya kuipika kwa maziwa. Unakoroga unga na maji ya moto, unatia siki mpaka yakatike, unakamua, unaosha, unakausha, unasaga, kisha unachanganya na chokaa. Maziwa yenye mafuta hayafai. Yale ya gunia yalifaa kabisa, kana kwamba yalitengenezwa kwa kazi hiyo.

Gichovi aliwahi kuuliza ni ziada ya nani. Harding alijibu kwamba ziada ni ziada. Naye Gichovi, Mungu amsamehe, aliridhika.

Ndege ilipobakiwa na kiungo kimoja tu kwenye bawa la kushoto, Harding alitaka uwanja wa kurukia. Hilo halikumkosesha usingizi. Wanawake wa kijiji walikuwa na kazi ya lazima siku tano kwa wiki, kwa hiyo waliletwa sitini na mapanga na majembe, homgadi wawili, askari wa kienyeji wa serikali, nyuma yao, wafyeke hatua mia tano za kichaka. Kagure alikuwa mmoja wao, Wambeti mgongoni. Saa sita walipoachiwa wanywe maji, aliomba ruhusa ya kumsalimu mume wake, akaja mpaka mlango wa karakana. Akaishia hapo hapo kwa ajili ya harufu.

Alimfungua mtoto. Gichovi alinyoosha mikono, akairudisha, akaipangusa kwenye aproni, ndipo akampokea. Miguu ya Wambeti ilining'inia tu. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, imebaki na nafasi ndani yake. Hakulia, hakumshangaa babake, hakushika hata kidole alichopewa.

"Kwani maziwa hampewi?" Gichovi aliuliza.

"Tulikuwa tunapewa," Kagure alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kukasirika. "Wakaja wakapima, wakasema mtoto ameshapona. Ati ameongeza ratili moja na nusu kwa mwezi mmoja, Baba Wambeti. Na si huyu peke yake. Kila mtoto wa kijiji alipatikana ameongeza. Ofisa akatuambia tuone faida ya kukaa pamoja. Wakatukata kwenye orodha, maziwa yakabebwa."

 Gichovi aliona mkono wake mwenyewe ukizungusha ile skurubu. Aliiona sahani ya shaba ikirudi mahali pake, na mshale ukipanda juu ya sufuri bila kitu juu yake, ratili moja na nusu ya uongo ikienda kijijini kwa gari. Kwenye kijindege cha Harding mlikuwa na skurubu mia nane na arobaini, na aliikumbuka kila moja, kwa kuwa aliyeikaza ni yeye. Aliyoisahau ni ya mtoto wake.

Kagure naye alikuwa anaangalia ndani ya karakana. Aliyaona magunia, matatu matupu na moja halijafunguliwa, akayatambua maandishi yake ya bluu. Aliuliza yamefuata nini huku. Gichovi hakuwa na njia ya kulizungusha jambo hilo, akamwambia kwamba ndiyo gundi.

Kagure alikitazama kijindege muda mrefu, kilivyong'aa, kilivyochongoka mdomo.

"Kumbe hiki ndicho kimenyonya," alisema.

Akamchukua mtoto wake, akamfunga mgongoni, akarudi kwenye panga lake.

Harding wakati huo alikuwa amekaa ndani ya ndege, anapima kama mabega yanapita. Yalipita kwa shida. Ili kupunguza upana, chumba cha rubani kilikuwa kimebanwa mpaka Mzungu alihitaji kusukumwa kuingia, na kutoka ni mpaka Gichovi amvute kwa makwapa. Alikuwa amevaa kofia ya ngozi na anatabasamu peke yake. Gichovi alivua kofia yake, akasimama kando ya bawa, akamweleza habari yote pole pole: trei, sahani, skurubu, watoto, magunia. Aliomba pasi ya siku moja tu ateremke akarekebishe mizani.

Tabasamu lilimtoka Harding. Uso ukamparama kwa hofu ya kweli, na kwa dakika moja Gichovi alidhani amemgusa moyo.

"Ngoja kwanza," Harding alisema. "Ile mbavu ya bawa. Sisi napima yeye mbele ya skurubu, ama nyuma?"

"Nyuma, Bwana. Baada ya kuisawazisha."

"Kweli kabisa?"

"Kweli. Mbavu ziko sawa."

Harding alishusha pumzi mpaka mbao zikalia. "Basi. Wewe natia mimi hofu bure. Mimi nafikiri uzito yote nakuwa mbaya." Akajipangusa jasho. "Hii mambo ya mtoto, ngoja Jumamosi. Ndege napaa, mimi naandika barua, halafu wewe napata pasi, nakwenda. Leo tia gundi ile kiungo."

Gichovi alibaki ameshika kofia. Alikuwa amewahi kuona maiti zimeachwa barabarani Embu, nzi juu yake, watu wakilazimishwa kupita wakitazama, na siku hiyo alitapika. Sasa alihisi kichefuchefu kile kile, ila kilikuwa kinatoka kwa mtu mzima aliye hai, msafi, mwenye kofia ya ngozi. Na hakikuishia kwa Harding. Kiliteremka mpaka kwenye mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imeshaanza, bila kuambiwa, kunyooka kuelekea bakuli la gundi.

Aliikunja. Akaenda pembeni, akatia bisibisi mfukoni, akalipandisha lile gunia la nne begani.

"Gichovi. Hiyo nakwenda wapi?"

"Napunguza uzito, Bwana."

Harding alitaka kuinuka. Alijaribu kwa bega la kulia, akajaribu kwa la kushoto, akaita jina la Gichovi, kisha la mpishi, kisha la mbwa. Ndege ilitikisika kwenye magurudumu yake lakini haikumwachilia. Ilikuwa imetengenezwa vizuri. Gichovi alipita mlangoni, akapita katikati ya wanawake wenye mapanga, homgadi wao wakidhani ametumwa, akashika njia ya kijijini mchana kweupe.

Pale langoni homgadi alimtaka pasi. Gichovi alisema ametumwa na Bwana wa ndege kurekebisha mizani ya zahanati. Homgadi akamsogelea, akanusa, akarudi nyuma amejiziba pua. Fundi wa ndege alijulikana kwa harufu hata na wasiowahi kumwona. Akapungiwa mkono apite.

Dresa wa zahanati alikuwa Mithika, Mmeru aliyesomea misheni ya Kaaga, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipoambiwa sababu, hakushangaa, na hilo ndilo lililomuumiza Gichovi kuliko kushangaa. Mithika alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Fundi, mimi niliona," alisema. "Siku ile ile niliona mshale haukai sufuri. Nikataka kuurudisha. Ofisa akaniambia usiguse, hiyo imesawazishwa na Mzungu anayetengeneza ndege, wewe utajua nini. Nikaandika kama ilivyosema."

  Gichovi aliipindua mizani, akatia bisibisi. Zamu tatu na robo, mshale ukashuka sufuri ukatulia. Kazi yote haikumaliza hata muda wa kuvuta sigara moja.

Wanawake waliporudi kutoka kiwanjani jua likiwa bado juu ya miti, Mithika aliwapanga mstari. Kagure alikuwa wa tano. Wambeti alilazwa kwenye shaba, akajikunja kwa baridi yake. Alipopimwa mara ya mwisho kitabu kilimwandika ratili kumi na tatu, ambazo ndizo mpaka wenyewe wa kukatwa. Sasa mshale ulisimama kumi na moja kasorobo. Mithika aliandika, akaita jina lililofuata. Waliokuwa wamekatwa walikuwa watoto thelathini na mmoja. Ishirini na tisa walipimwa upya. Wawili Mithika aliyapitia majina yao kimya, akafunua ukurasa, na nyuma ya mstari mwanamke mmoja aliyekuja mikono mitupu aligeuka akaenda zake kabla hajaitwa.

Gichovi alimwona akienda. Alitaka kumfuata amwambie ni mimi, lakini miguu ilikataa, na baada ya hapo, maisha yake yote, alidharau miguu hiyo.

Gunia lilifunguliwa. Mithika alichemsha maji, akakoroga, akaanza kugawa kwa mabati na vibuyu. Kutoka upande wa kiwandani filimbi za homgadi zilianza kusikika. Bila shaka mpishi alikuwa amerudi kutoka alikokwenda, akamchomoa bwana wake. Watu wakamtazama Gichovi. Hakusogea. Barua haitaandikwa tena, nyumba ya mboga haitakuwepo, na yeye alijua atalala wapi kwa mwaka ule na pengine unaofuata.

Kagure alimpa bati aonje kama limepoa, kama anavyofanya mzazi yeyote kabla ya kumpa mtoto. Gichovi alilipeleka mdomoni. Yalikuwa maziwa safi, ya moto kidogo, hayana kasoro, na yalinuka bawa. Alimrudishia mke wake bati haraka, akashika ukuta wa zahanati, akatapika mpaka hakuna kilichobaki.

Alipokuwa ameinama hivyo alimsikia Wambeti nyuma yake. Alikuwa anakunywa kwa pupa, anapaliwa, anavuta pumzi, anarudi kunywa, na bati lilipokuwa tupu alipiga kelele akitaka jingine. Homgadi watatu walikuwa wameshavuka daraja la handaki. Gichovi alijifuta mdomo kwa mkono, akausikia ule uvundo, akauweka mkono huo nyuma ya mgongo pamoja na mwenzake, tayari kwa pingu.